Puli ya Nne ya Mama Sabuni

Mtu akibandikwa jina hapa Juba, afadhali alizoee mapema, kwa sababu likishafika sokoni halirudi tena nyumbani. Poni binti Swaka wa mtaa wa Juba Na Bari alilijua hilo, ila kujua ni kimoja na kuzoea ni kingine. Kanisani alibatizwa Victoria, mama yake alimwita Poni, na kwa miaka mingi majirani walimwita Mama Sufuria, jina lenye heshima zake, maana nusu ya masufuria yanayochemka upande ule wa mto yalitoka mikononi mwake. Kisha siku moja mwanamke mwenye mashine ya kusaga unga huko Lemon Gaba alifungua kinywa chake, na tangu siku hiyo Poni akawa Mama Sabuni.

Mwanamke huyo ni Nyamuoch. Alikulia Nairobi, akarudi nyumbani na mashine ya dizeli, Kiswahili cha huko, na ulimi usio na breki. Mashine yake husukumwa na injini kwa mkanda wa mpira, na mkanda huo huzunguka juu ya puli, yaani gurudumu dogo lenye mfuo pembeni ambamo mkanda hukaa. Puli aliyokuja nayo ilipovunjika, alimwendea Poni amsubie nyingine ya alumini. Kusubu ndiyo kazi ya Poni: anayeyusha alumini kuukuu kwenye chungu juu ya makaa, anaimimina ndani ya kalibu, na ikipoa inatoka na umbo jipya.

Baada ya wiki sita Nyamuoch alirudi na puli ile imefungwa kwenye kanga, akaifungua mezani mbele ya wateja watatu. Mfuo ulikuwa umelika mpaka ukingo umebaki mwembamba kama ganda la yai.

"Mama," alisema kwa upole mwingi, "niambie tu ukweli. Hii kitu ni ya kusaga ama ni ya kuoga?"

Mmoja wa wateja wale alikuwa mwendesha boda, na mwendesha boda ni redio yenye magurudumu mawili. Chai ya Poni haijapoa, jina la Mama Sabuni lilikwishafika soko la Konyokonyo.

Nyamuoch naye hakutosheka na jina. Aliitundika puli ile kwa waya juu ya mlango wa kinu chake, kila anayeleta mtama aione. Ikaja ya pili, akaitundika. Ikaja ya tatu, akaitundika pia. Zikawa mkufu, unaogongana upepo ukivuma, na wanawake waliopanga foleni na ndoo zao za nafaka wakapata mazungumzo ya bure.

Tusimwonee Poni, lakini pia tusimpambe. Puli ya kwanza ilikuwa kosa lake mwenyewe. Alidhani puli ni sufuria iliyonenepa, akayeyusha makopo ya soda, vifuniko vya masufuria na fremu ya dirisha, akamimina. Alumini ya vitu kama hivyo ni laini. Inapika vizuri, inapindika vizuri, lakini vumbi la mtama lenye mchanga likiingia kati ya mkanda na puli, inaliwa kama muhogo uliochemka. Na alijua. Baba yake alimfundisha akiwa hajafika umri wa kufunga kilemba.

Baba yake, mzee Swaka, alitoka Juba wakati wa vita akiwa na mke, watoto wanne na saa ya mkononi, akafika Kampala na watoto wanne na saa. Mke alimzika njiani, na habari hiyo hakuisimulia mara mbili. Pale Katwe, mahali ambapo kila mlango una mtu anayegonga chuma, alianza kwa kubeba makaa ya wenzake, akaishia kuwa na chungu chake. Masufuria yake yalikuwa ya kawaida tu. Puli zake ndizo zilizompa jina. Watu wa mashine za kusaga walitoka mpaka Masindi kuzifuata, kwa sababu puli ya Swaka ilikuwa haiishi. Mashine hufa, injini huuzwa, puli ikahamia mashine nyingine. Walioshindwa kuziiga walisema mzee ana dawa ya Kibari, ya kabila lake, anayoitia kwenye chungu.

Dawa yenyewe ilikuwa daftari la shule lenye jalada la kijani. Mzee aliandika kwa penseli, kwa lugha ya karakana: Kiswahili cha Uganda kikitangulia, Kiarabu cha Juba kikifuata nyuma, hata katika mstari mmoja. Humo mna vipimo vya kalibu, majina ya watoto waliozaliwa mtaani, dawa ya mafua ya kuku. Mna mstari mmoja ambao watoto wake waliucheka miaka yote: "Jumapili kanisa saa tisa." Walicheka kwa sababu Katwe misa ilikuwa asubuhi, saa tatu, na mzee alikuwa hachelewi hata dakika, alikaa benchi la mbele kabla padri hajavaa. "Baba kwa daftari nachelewa misa," Poni alikuwa akimtania kwa Kiswahili cha Katwe kisichobagua mimi, wewe wala yeye, "kwa miguu nawahi." Mzee alitabasamu na kusema daftari ni lake, waandike lao.

Na ukurasa wa kati, umepigiwa mstari mara mbili, ulisema hivi: "Puli. Pistoni tupu, usichanganye. Kalibu ya chuma. Maji ya moto. Furuni ya mkate, asubuhi mpaka saa sita."

Mzee alifariki mwaka 2008, kitandani, akiwa ameagiza koti lake la safari lifuliwe. Miaka mitatu baadaye nchi ilipopata bendera yake, Poni alipakia watoto, chungu na daftari kwenye basi, akavuka mpaka pale Nimule akiimba.

Basi puli ya pili aliisubu kwa pistoni. Pistoni za injini zina silikoni nyingi, kitu kilekile kilichomo ndani ya mchanga na kioo. Ni punje ngumu zilizotawanyika ndani ya alumini laini, na ndizo zinazobeba msuguano badala ya alumini yenyewe. Lakini kalibu ya chuma ya mzee ilikuwa ndogo kuliko puli ya Nyamuoch, na Poni hakutaka kusubiri fundi achonge nyingine, akamimina kwenye mchanga wa mto. Mchanga hupoza polepole. Alumini ikipoa polepole, silikoni ile hupata nafasi ya kurefuka, inalala ndani kama miba ya samaki, na ufa ukianza hufuata mwiba hadi mwisho. Siku ya kumi na moja puli ilipasuka vipande viwili na kimoja kikaruka kikaua jogoo. Nyamuoch alitundika vipande vyote viwili, akasema jogoo amesamehe.

Ya tatu ndiyo iliyomuumiza. Ya tatu aliitengeneza kwa kufuata kila neno la daftari. Alichongesha kalibu mpya ya chuma, inayopoza haraka hata miba ile ikabaki punje ndogondogo. Aliyeyusha pistoni tupu. Aliitoa puli kwenye kalibu ingali ya moto, akaitumbukiza majini, maji ya moto si ya baridi, isije ikashtuka na kujikunja. Kisha alipanda boda mpaka Hai Malakal kwa Taban mwoka mikate, na mikate ilipotoka alfajiri, puli ikaingia kwenye tanuri la matofali ambalo moto wake umezimwa lakini joto lake bado limekaa. Huko Katwe mzee alikuwa akienda tanurini peke yake, na kazi ya tanuri aliieleza tu kwa mfano wa unga uliokandwa: ukishaukanda huupiki papo hapo, unauacha utulie, nao unajipanga wenyewe. Pistoni zina shaba kidogo na magnesi kidogo, na vitu hivyo vikikaa kwenye joto la wastani hujipanga polepole ndani ya alumini na kuikaza. Saa sita Poni aliitoa kwa mikono yake. Ikadumu miezi mitatu, halafu mfuo ukalika.

Miezi mitatu si haba. Nyamuoch mwenyewe alikiri kwamba safari hii angalau sabuni ilikuwa ya kufulia, siyo ya kuogea. Poni alicheka pamoja na foleni nzima, akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake na kujisikia vibaya kupita alivyotaka kukubali. Makosa mawili ya kwanza yalikuwa uvivu, na uvivu una dawa. Lakini mtu aliyefuata daftari neno kwa neno akashindwa, afanye nini? Labda Katwe walisema kweli. Labda mkono wa mzee ulikuwa na kitu ambacho hakikuandikika, na mkono wa binti yake hauna.

Ndipo akafanya ujinga wa kwenda Lemon Gaba mwenyewe. Nyamuoch alikuwa amekwishatafuta bei ya puli ya chuma cha nje dukani, na wenye vinu wengine wanne wa mtaa ule walikuwa wanangoja waone ataamuaje. Walikuwa wakimfuata katika kila jambo, kama kondoo wanaomfuata yule mwenye kengele.

"Mathe, mimi nakupenda," alisema Nyamuoch, "lakini mlango wangu umejaa. Nikiongeza ingine dari itaanguka."

Wanawake kama ishirini walikuwa wamekaa juu ya ndoo zao wakisikiliza. Poni ana mwili mkubwa na sauti ya kwaya, na vitu hivyo viwili vimeshamponza mara nyingi.

"Mimi natengeneza ya nne," alisema. "Ya mwisho. Wewe funga, saga nayo mpaka Krismasi. Kama nakwisha mbele ya Krismasi, toa hii yote kwa mlango. Mimi navaa kwa shingo. Siku ya Krismasi mimi naingia nayo kanisani, naimba nayo."

Kisha mwanamke mmoja, Akuac, aliyekuja na kilo mbili tu za mtama, aliuliza kanisa lenyewe ni lipi na ibada inaanza saa ngapi. Wengine walitaka kujua kama watapata nafasi ya kukaa mbele. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu Lemon Gaba aliyeomba puli ile idumu, labda Poni peke yake.

Ilikuwa mwezi wa tano. Poni alisubu puli mbili pacha, moja ya kufunga na moja ya kuijaribu. Pistoni alizichagua moja moja, zote za lori, akazikwangua masizi kwa kisu. Alipuliza makaa mpaka chungu kikawa chekundu, akaondoa utando wa takataka kwa kijiko kirefu, akamimina bila kukata mkondo. Mapacha walitoka safi. Wakaingia majini wakipiga kelele, wakatoka wamenyamaza.

Alfajiri iliyofuata aliwapeleka kwa Taban wamefungwa kwenye gunia. Taban ni mtu mwembamba asiyeharakishwa na lolote. Hakuwahi kukimbia nchi. Vita vyote vilimkuta palepale akioka, na Kiswahili chake chote alikiokota kwa madereva wa malori wanaonunua mkate kwake wakielekea mpakani.

Kwa kawaida Poni hungoja palepale mpaka saa ya kutoa. Siku hiyo haikuwezekana. Posa ya mpwa wake Adeng ilikuwa inajadiliwa kwao Juba Na Bari kuanzia asubuhi, na shangazi asipokuwepo kwenye posa, wakwe hupunguza ng'ombe kwanza, wanaomba radhi baadaye.

"Taban, ita kef," alimsalimu. "Leo wewe natoa kwa mikono yako. Saa sita. Si mbele, si nyuma. Sita."

"Sita," alisema Taban.

"Baba yangu aliandika sita."

"Ya Poni, nimesikia. Sita. Mafi muskila, hakuna shida."

Wakaagana kwa amani. Kama kungekuwa na mtu wa tatu pale tanurini angeyaona yaliyokuwa yanakuja, lakini palikuwa na mikate tu.

Posa ilikwenda vizuri na polepole. Poni aliondoka wakwe wakingali wanafuta midomo, akafika Hai Malakal jua limeegemea kilima cha Jebel. Alimkuta Taban ameinama kwenye mdomo wa tanuri na koleo refu, anatoa puli ya kwanza.

"Wewe nafanya nini?" aliuliza Poni.

"Natoa. Wewe umesema sita." Taban alichomoa simu mfukoni na kuionyesha. Juu ya kioo kilichopasuka palikuwa na 18:02. "Dakika mbili nimechelewa. Malesh."

Poni aliketi juu ya gunia la unga. Ndipo akili ilipomfikia, na ilimfikia kwa uchungu. Kwa Kiswahili saa sita ni mchana, jua likiwa utosini, kwa sababu tunahesabu tangu kunapopambazuka. Kwa Kiarabu cha Juba saa sita ni ile inayosomwa usoni pa saa, sita ya jioni au sita ya alfajiri. Na sita yenyewe ni neno moja kwa lugha zote mbili. Ukilitamka halikuambii limetoka wapi. Poni alikuwa anajua yote haya. Miaka yote tangu arudi, akisema Kiarabu alihesabu kama Mwarabu, akisema Kiswahili alihesabu kama Mswahili, na hakukosea hata mara moja. Ila asubuhi ile alichanganya lugha na Taban kama wanavyochanganya siku zote, na hakuna aliyeuliza sita ni ya nani.

"Kumi na mbili!" alisema. "Badala ya masaa sita imekaa masaa kumi na mbili. Taban, wewe umekausha kazi yangu kama mkate wa jana."

"Mimi sikukausha," alisema Taban, naye sasa akiudhika. "Wewe ulisema sita, ukasema tena sita, ukaita mpaka baba yako kuwa shahidi. Kama wewe nataka saa kumi na mbili, sema kumi na mbili, itnasher, basi tunaelewana."

Waligombana mpaka wateja wa mkate wa jioni wakaanza kuchagua upande. Mwisho Taban alimpa mikate mitatu ya bure, jambo ambalo kwake ni sawa na kupiga magoti, na Poni aliondoka na mapacha wake wangali vuguvugu ndani ya gunia.

Nyumbani alichukua tupa, ile ya kunoa mapanga, akaipitisha juu ya pacha wa majaribio. Ile puli ya tatu, tupa ilikuwa imeiuma na kuacha unga mweupe. Hii iliteleza na kulia. Akakaza mkono, ikaacha mkwaruzo mwembamba tu. Mtu mwingine angefurahi. Poni aliogopa, maana kitu kigumu kupita kiasi huvunjika, na jogoo wa Nyamuoch alikuwa bado hajasahaulika. Alimlaza pacha juu ya fuawe, akampiga nyundo mara tano. Hakupasuka. Hakuamini vilevile. Daftari lilisema sita, na daftari la mzee halikuwahi kukosea isipokuwa kuhusu kanisa.

Lakini pistoni za lori zilikuwa zimekwisha, na Nyamuoch alikuwa amesimamisha mashine akingoja. Kesho yake Poni akaipitisha puli ya nne kwa fundi wa mashine ya kuchonga asawazishe mfuo, akaifunga kwa mikono yake, akaondoka bila kuaga, na nyuma yake akasikia mtu akipima mkufu kwa macho na kusema utahitaji waya mrefu zaidi.

Mwezi wa sita ulipita. Wa saba ukapita. Poni alisimamisha maagizo yote ya puli, akarudia masufuria, na kila boda iliyopunguza mwendo karibu na lango lake ilimfanya achungulie nje. Kwenye kwaya alianza kusimama safu ya nyuma ili watu wamzoee akiwa huko. Mwezi wa tisa alimtuma mtu kisirisiri kwenda kusaga kilo moja ya mtama na kutazama. Mtu alirudi na unga, akasema mashine inapiga kelele. Kelele gani? Kelele ya mashine. Poni alikula unga ule kwa mashaka. Wa kumi na moja msimu wa mavuno uliifanya mashine isage tangu alfajiri hadi jioni, na vumbi la Lemon Gaba, mnalijua lilivyo, liliingia kila mahali.

Tarehe ishirini na nne Desemba, asubuhi, Nyamuoch alimwita. Foleni ilikuwa ndefu kuliko mahitaji ya unga. Akuac alikuwa amekuja bila ndoo. Nyamuoch alizima injini, akafungua nati, akaivuta puli, akaifuta kwa upindo wa kanga na kuigeuza juani. Aliitazama kwa muda. Kisha akapitisha kidole ndani ya mfuo, akaitazama tena.

"Alama za kuchongwa bado ziko," alisema.

Alimaanisha mistari myembamba ambayo fundi wa mashine ya kuchonga aliiacha ndani ya mfuo siku puli ilipokuwa mpya. Miezi saba ya mkanda, mtama na mchanga haikuifuta. Poni aliichukua na kuitazama mwenyewe, kwa sababu hakutaka kuamini jambo kubwa namna ile kwa kuambiwa. Mistari ilikuwepo yote. Furaha ilimpanda kutoka miguuni, na akaanza kucheka peke yake, na alipoanza hakuweza kuacha.

Foleni ilihuzunika sana. Akuac aliuliza kama Poni hawezi kuvaa mkufu hata kidogo, nusu ya ibada tu, maana watu wameshafua nguo. Nyamuoch alipanda juu ya ndoo, akakata waya kwa koleo, akampa Poni puli zile kuukuu zote na vipande vyake.

"Nenda nazo, mathe. Na wale wenye vinu wanne wanataka zao kabla ya Pasaka." Akashuka. "Lakini jina siwezi kukutolea. Hilo si langu tena, ni la Juba."

Poni alifika nyumbani akitembea kama bibi harusi. Alitoa daftari la kijani na kalamu. Ilibidi kuweka sawa mambo: mzee alikosea, masaa sita hayatoshi, ni kumi na mawili, na watoto watakaorithi chungu lazima wayakute yameandikwa. Alifungua ukurasa wa kati, akaweka kalamu juu ya neno sita ili alikate.

Ila mkono una adabu yake; kukata neno la marehemu baba yako siku ya mkesha si jambo jepesi. Aligeuza kurasa huku na huko akitafuta ujasiri. Na jicho likaangukia mstari ule wa kuchekesha: "Jumapili kanisa saa tisa."

Saa tisa. Misa ya Katwe ilikuwa saa tatu asubuhi. Na saa tatu asubuhi ya Kiswahili, kwa Kiarabu cha Juba, ni tisa.

Poni aliiweka kalamu chini. Mzee hakuwa amechelewa misa, wala kwa miguu wala kwa daftari. Hakuwa amekosea kuhusu tanuri pia. Aliandika asubuhi mpaka saa sita, na sita yake ilikuwa ya jioni, jua likiegemea Jebel ambayo hakuiona tena. Miaka yote pale Katwe mdomoni alisema saa za Katwe ili aelewane na watu, lakini alipokuwa peke yake na penseli alikuwa anahesabu kama mtu aliye nyumbani kwao Juba. Aliishi kule, akafa kule, na daftari lake halikuhama hata siku moja. Nao watoto wake walimcheka.

Poni alilia. Alilia vizuri, kwa sauti, kama anavyoimba, mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. "Hakuna," alisema Poni akijifuta kwa kanga. "Baba yangu amefika."

Kesho yake alisimama safu ya mbele. Wanasema hajawahi kuimba vile, na Akuac, aliyekuja kwa ajili ya mkufu akaukosa, alisema hasara imefidika.

Wiki ya pili ya Januari, alfajiri, Poni aliingia kwa Taban na puli nne ndani ya gunia. Taban alimtazama, akalitazama gunia, akaweka koleo chini kabisa kama mtu anayetaka mambo yawe wazi kabla ya kuanza.

"Natoa saa ngapi?"

"Sita," alisema Poni.

"Sita ya wapi? Ya Kiswahili ama ya hapa?"

"Sita ya baba yangu," alisema Poni. "Ya hapa."

Taban aliangalia simu yake, akaziingiza puli moja moja, akaufunga mlango wa tanuri.